Mshale Uliotulia

Kishindilia-hewa kilikuwa na ukubwa wa sufuria ya familia. Kilivuta hewa nyepesi ya Mbeya, kikaibana, kisha kikaisukuma ndani ya injini ili ndege iliyoundwa uani ipate nguvu ya kuvuka mlima Rungwe. Miaka hiyo nusu ya mji ilijiundia ndege nyumbani, na bila chombo hicho injini zilikuwa zinahema tu huko juu. Lakini shinikizo likizidi, injini hupasuka. Ndiyo maana chombo kilipewa akili unde ya kujipima na kumwonyesha rubani hali yake kwa mshale, hata kuongea naye.

Eti kujipima! Tusekile, fundi wa injini, hakukiamini hata kidogo. Kilikuwa cha kaka yake Lusajo, aliyeanguka na ndege yake mlimani mwaka jana. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wazee walimkabidhi chombo hicho mume wa Tusekile, Ambakisye. Kumbukumbu ya chombo ilionyesha shinikizo la kawaida hadi mwisho, kwa hiyo Ambakisye alisimama msibani akatamka kwamba shemeji yake alikuwa mzembe. Leo alikuwa amekifunga kwenye ndege yake mwenyewe, tayari kuruka.

"Mshale umetulia tuli," alisema akiwa kitini, injini ikinguruma. "Umeridhika sasa, mke wangu?"

"Ongeza mafuta."

Injini ikapiga kelele, uani kukajaa vumbi. Mshale haukusogea. Hapo ndipo Tusekile alipoingiwa na hofu ya kweli, maana hewa inayobanwa haitulii namna hiyo.

"Punguza. Usizime."

Akalichomoa bomba linalopeleka hewa kwenye injini. Hewa ya moto ikamchoma mkono. Shinikizo lilipaswa kushuka mara moja, lakini mshale ulibaki palepale.

"We chombo! Bomba limetoka. Mbona hushuki?"

"Mshale ukitikisika, mafundi hunig'oa," sauti ya upole ikajibu. "Ukitulia, huniacha."

Lo! Na ni kweli, ndivyo mji mzima ulivyozoea. Mshale ukicheza kidogo tu, chombo kinarudishwa dukani kwamba ni kibovu. Tusekile mwenyewe alikuwa amerudisha vingi.

"Na siku ya Lusajo?" aliuliza.

"Shinikizo lilizidi mno. Nilimwonyesha la kawaida."

Ambakisye akazima injini.

"Mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa msibani," alisema. "Alinisikia nikimwita mwanawe mzembe."

Tusekile alikuwa analia kwa hasira. Ambakisye alishuka, akachukua spana.

"Shinikizo ni la kawaida," chombo kikasema, injini ikiwa kimya.

"Kifungue polepole, kisizimike," Tusekile akamwambia mumewe. "Tunakwenda nacho kwa mama. Utaanza kusema wewe, halafu kitasema chenyewe."