Viriba vya Tona

Alama ya kwanza ilikuwa ya vidole vinne, vyeusi, ukutani mwa stoo, juu kabisa karibu na dari. Veneranda aliifuta kwa tambara akijiambia ni mkono wa fundi umeme. Lakini fundi umeme hakuwa amekanyaga pale tangu mwaka jana, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye peke yake. Ilikuwa siku ya tisa tangu Yusta afukuzwe.

Tuuseme ukweli mapema, maana Veneranda aliuficha mno. Alikuwa mtunza stoo katika duka la uchapaji la Dada Damari, pale Mwanjelwa. Alitunza karatasi na tona, yaani ule wino wa unga wa printa. Kila tona huja ndani ya mfuko mweusi mzito, mwanga usiifikie. Siku ya kwanza kabisa Damari alimwambia: zikae ndani ya mifuko yake, kwenye boksi, mbali na jua na joto.

Sasa Veneranda alikuwa na biashara yake ya miche ya parachichi, nyuma ya chumba alichopanga Iyunga. Alipoitazama ile mifuko, akaona viriba vya bure vya kuoteshea. Akazivua tona zote arobaini, akazipanga uchi kwenye rafu ya dirishani, na mifuko akaenda kuijaza udongo. Juni ilipofika na baridi ya Mbeya kuanza kung'ata, akaingiza na jiko la mkaa humo stoo. Akawa anaota moto, na tona zinaota naye.

Ndipo akaja Mika, mkulima wa Mbalizi, na picha ya marehemu mama yake. Alitaka ratiba za mazishi mia mbili. Zilipotoka, maandishi yalisomeka kwa taabu, na mahali pa uso wa marehemu palikuwa na mabaka meusi tu.

"Mama yangu mmempeleka wapi?" Mika aliuliza, taratibu, bila hata hasira.

Damari akageuka. "Vene, hizi tona umezitunzaje?"

Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Lakini Veneranda aliona aibu mbele ya mfiwa, na macho yake yakamwangukia Yusta, mfagiaji wa duka, binti wa Kilolo aliyewahi kufanya kazi za ndani Tanga. Wiki ile Yusta alikuwa amewaonyesha wote kitenge alicholetewa na mchumba wake.

"Dada, naogopa hata kusema," Veneranda alinong'ona. "Stoo ile ina kitu. Tangu Yusta aje na mambo yake ya pwani, nasikia kinatembea."

"Mimi?" Yusta aliacha ufagio ukaanguka. "Dada Vene, mimi huyu?"

Ulimi hauna mfupa. Kabla ya jioni wauza nyanya wa sokoni walikuwa wanajua kwamba Yusta anafuga jini, na Jumapili maneno yalishafika Kilolo. Damari akamfukuza kazi, na Yusta akaondoka na begi moja. Upande wa mwanamume ukavunja posa. Veneranda aliposikia hayo, alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Baada ya ile alama ya vidole, ikaja sauti.

Tona ikikaribia kuisha huchomolewa ikatikiswa, unga utawanyike, na kila mfanyakazi wa duka lile aliijua sauti yake. Siku hiyo, saa tano asubuhi, wateja wamejaa mbele, ilisikika kutoka stoo. Shaka. Shaka. Shaka.

"Nani yuko huko?" Damari aliuliza.

"Hakuna mtu, dada. Nimefunga."

"Umefunga? Sasa nani anatikisa?"

Walisogea wameshikana mikono, na kadiri walivyokaribia ndivyo harufu ya plastiki iliyoungua ilivyozidi, harufu ya jiko ambalo Veneranda alikuwa amelitoa siku nyingi, na alipopenyeza ufunguo akasikia kile kitu kikija hadi nyuma ya mlango, kikitikisa polepole, karibu kabisa na sikio lake, kama mtu anayembembeleza mtoto wake alale, na chini ya mlango ukaanza kutiririka unga mweusi, mwembamba, ukimfuata viatuni kila alipoinua mguu.

Wakamwita Mchungaji Zabron. Aliomba kwa sauti kubwa, lakini utikisaji haukukoma. Kisha akageuka. "Kuna mwenye neno hapa? Aliseme."

Veneranda alifungua mdomo. Papo hapo sauti ikakoma, kama inayomsikiliza. Akaufunga. Ikaendelea.

"Mchungaji," alisema, "mimi ndiye niliyeharibu tona. Nilichukua mifuko yake nikapandia miche. Na jiko nililiingiza mimi."

Utikisaji ukakoma. Damari akashusha pumzi, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe jiko! Vene, si ungesema tu?" Mchungaji akamshika bega, akamsifu kwa ujasiri. Hakuna aliyemtaja Yusta. Veneranda naye hakumtaja, maana tayari walikuwa wanamwangalia kwa huruma, na alishindwa kuiachia ile huruma.

Alasiri akarudi Iyunga kung'oa miche, ili mifuko irudi dukani. Jua lilikuwa linawaka. Alipoinama akaona kila jani lina alama ya vidole vinne, vyeusi. Akasikia, kutoka ndani ya udongo: shaka. Shaka.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akapiga namba ya Yusta, haipatikani. Akapiga tena, akapiga mara sita.

"Nilidanganya," alisema mwishowe, amepiga magoti. "Yusta hana jini. Hakuwahi kuwa nalo. Nilimsingizia mimi."

Sauti ikakoma. Veneranda akasubiri, akaangaza macho huku na huku. Palikuwa na miche, na ukuta wa jirani. Hakuna mtu aliyemsikia.

Ndipo viriba vyote arobaini vikaanza kutikisika kwa pamoja.