Nguzo ya Chini ya Reli

Gari la umeme lina raha zake, nani atabisha? Halina moshi, halina kelele, na ukilitumia kwa shughuli za hapa na pale mjini unajiona mtu wa maana. Lakini safari ndefu... weh! Safari ndefu, gari lenyewe la mtumba, Januari ya Birmingham, na nyumba yako haina hata pa kuegesha seuze pa kuchajia? Hiyo ni kazi ya wenye roho ngumu. Muulize Kemunto. Au basi, usimuulize. Siku hizi hajibu.

Kemunto alikuwa nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Harborne. Mkisii aliyeolewa na Mjaluo, akikaa Selly Oak, mtaa ambao nyumba zimebanana na wanafunzi wamejaa hadi chini ya ngazi. Jioni ile alitoka kazini mbio. Binti yake Achieng, anayesoma Glasgow, alikuwa amelazwa tangu asubuhi. Nimonia. Imemshika vibaya, walisema madaktari, ila anapumua mwenyewe na anaongea. Baba yake, Bethuel, alikuwa Siaya kwenye matanga ya nduguye. Treni za kaskazini zilikuwa zimefutwa kwa sababu ya dhoruba. Kwa hiyo amebaki Kemunto, na gari, na barabara.

"Usikimbize gari, Mama," Raisa alimwambia kwenye simu. Raisa ni Mtanzania, anaishi nyumba moja na Achieng, na tangu asubuhi hakuwa amebanduka kitandani pa mwenzake. "Mimi nipo naye hapa. Uji amekunywa. Anakuulizia wewe tu. Ngoja nikupe."

"Mum?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Are you coming?"

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi! Betri yenyewe ilikuwa karibu kukauka. Kemunto alikwenda kwenye mashine za supamaketi, skrini imekufa. Akaenda za pili, akakuta foleni ya teksi hadi barabarani. Za tatu, wezi wamekata waya wauze shaba. Kule nje giza lilikuwa limeshaanza kuingia, maana Januari jua la huku linaaga kabla watu hawajamaliza chai ya saa kumi. Akafungua tena ramani ya simu, ile inayoonyesha vituo vya chaji, vyote vimewaka vyekundu.

Kimoja tu kilikuwa kijani.

Hakikuwa na jina la kampuni. Kilikuwa nyuma ya mitaa michache tu, kwenye kichochoro kinachoishia chini ya reli. Kemunto alikuwa amepita pale mara chungu nzima na hakuwahi kuona mashine. Lakini mama mwenye mgonjwa hasimami kujiuliza maswali. Alikata kona akaingia.

Palikuwa na nguzo moja, nyeusi, yenye taa ndogo ya rangi ya chungwa. Kando yake benchi. Na juu ya benchi... mtu.

Alikuwa bibi, amejifunga leso juu ya koti zito la baridi. Taa ilikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso haukuonekana. Kemunto alishusha kioo, na kabla hajafungua mdomo akasikia Kiswahili.

"Karibu, mwanangu. Baridi imekukuta."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama nani?"

Jamani, mambo mengine ni madogo hivi hivi. Nyumbani mwanamke mwenye mtoto haulizwi jina lake; anaulizwa mama nani, na akijibu, ameheshimika. Katika mji huu Kemunto alikuwa beji kifuani, na wazee aliowaogesha walimwita Kim kwa sababu Kemunto ilikuwa ikiwashinda. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza hivyo. Moyo wake ukalainika pale pale, machozi yakamlenga.

"Mama Achieng," alisema.

"Mama Achieng." Bibi alilirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Wa ngapi huyo?"

"Wa kwanza na wa mwisho. Sina mwingine."

"Na yuko wapi?"

"Glasgow, mama. Hospitalini. Ndiko naenda."

Ai, Kemunto! Jina, idadi na mahali, vyote mara moja, na uso wa anayeuliza hujauona! Lakini ungekuwa wewe ungefanya nini? Tumelelewa hivyo. Mkubwa akiuliza, unajibu.

Bibi aliinua kiganja akakibandika kwenye nguzo. Taa ikawa kijani.

"Chomeka," alinong'ona.

"Napitisha kadi wapi?"

"Hapa hatutaki kadi."

Kemunto alichomeka waya kwenye gari. Ulikuwa na uvuguvugu, na baridi yote ile! Namba kwenye dashibodi ikaanza kupanda, haraka kuliko alivyowahi kuona. Kisha akaisikia sauti. Haikuwa ile ngurumo ya kawaida ya mashine hizi. Ilikuwa... ya kunyonya. Kama mtoto mchanga kwenye titi, anameza, anapumzika, anameza. Na ikaja harufu, harufu ya maziwa yaliyofurika sufuriani yakaungulia jikoni.

"Asante sana, mama," Kemunto alisema, ili mradi aseme kitu. "Mungu akubariki."

"Usinishukuru mimi," bibi alisema. "Ni chako mwenyewe hicho."

Simu ikalia.

"Mama..." Raisa alikuwa anahema. "Mama, amebadilika. Alikuwa anacheka na mimi hapa, ghafla midomo imekuwa ya bluu. Ni wa baridi kama barafu. Manesi wamejaa, wamenitoa nje..."

Kemunto aliruka, akaufyatua waya. Sauti ya kunyonya ikakatika. Alipogeuka kuaga, benchi lilikuwa tupu, na kichochoro kile hakina njia nyingine ya kutokea.

Hakusubiri. Alikanyaga mafuta, kama watu wanavyosema hata pale ambapo mafuta hayapo. Alikuwa amefika taa za barabara kuu ujumbe ulipoingia: *Ametulia Mama. Rangi imerudi. Hata madaktari hawaelewi.* Kemunto akalia kwa sauti mle garini, akamshukuru Mungu kwa Kikisii na kwa Kiswahili.

Betri ilikuwa imevuka nusu. Kwa gari lile kuukuu, kwenye baridi, hiyo isingemfikisha hata nusu ya njia. Akaamua atajaza pale ukingoni mwa mji, karibu na barabara kuu ya kaskazini, kwenye kituo kikubwa chenye mashine nyingi, mkahawa na taa nyeupe. Kule kuna watu, alijiambia. Kule kuna mwanga.

Na kweli palikuwa na mwanga. Kwenye mashine ya jirani alikuwapo mzee Mwingereza mwenye kofia ya sufu, akifuta kioo cha gari lake huku akimtabasamia. Alijitambulisha kwa jina la Oliver, akamwonyesha mashine isiyosumbua. Kemunto akapitisha kadi, akachomeka. Mashine ikanguruma kama mashine. Akashusha pumzi.

Ngurumo ikapungua. Ikawa laini.

Ikaanza kunyonya.

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikampanda puani. Simu ikalia, na safari hii alikuwa Achieng mwenyewe, yule mtoto aliyezaliwa Birmingham ambaye miaka yote akiambiwa Kiswahili hujibu Kiingereza.

"Mama," alisema kwa Kiswahili safi, kwa mnong'ono. "Unanivuta. Acha kunivuta."

Kemunto alipitisha kadi, akauchomoa waya kwa mikono miwili, akaurudisha kwenye kishikio chake kama mtu anayemrudisha nyoka tunduni. Sauti ya Raisa ikarudi kwenye simu, chini kabisa.

"Amepumua, Mama. Amelala." Kisha: "Samahani nikuulize. Kuna mtu umemtajia jina lake leo?"

"Bibi mmoja, pale nilipochaji gari," Kemunto alisema. "Uso wake sikuuona."

"Bibi yangu kule Lushoto alikuwa anatukataza," Raisa alisema. "Mtu usiyemwona uso, humtajii mtoto. Ukimtajia, anakufungulia mlango kwa mwanao. Kila utakachojaziwa kinatoka kwake."

"Sasa nifanye nini? Raisa, nifanye nini?"

"Sijui, Mama. Bibi ameshafariki, hakutuambia dawa. Usijaze tu. Usijaze tena kitu chochote."

Basi liache gari! Kemunto alijipiga kofi la paja. Liache liozee hapa. Aliingia mkahawani kukimbia upepo, akampigia Rajni. Hawa wawili walifanya kazi zamu moja; Rajni ni Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake cha sokoni hasa, na gari lake ni la petroli, kuukuu, linakohoa.

"Glasgow? Leo?" Rajni aliuliza.

"Nitakueleza njiani. Please, Rajni. Mtoto wangu."

"Chapati iko juu ya jiko, nazima. Kutoka kwangu Moseley siyo mbali. Wewe kaa hapo hapo, usilie."

Kemunto akakaa. Akaomba chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yakashuka. Atafika. Hata alfajiri, atafika. Atamshika mkono, atamsuka nywele zile alizozitelekeza tangu Krismasi. Vioo vya mkahawa vilikuwa vimejaa ukungu, hakuona nje.

Mlango ukafunguka. Oliver akaingia akifikicha mikono, uso umemng'aa kwa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Nilikuona ukihangaika," alisema kwa Kiingereza chake cha upole. "Nikajua kadi yako imekukataa, inawatokea wengi. Nimekuchomekea kwa yangu. Usinilipe kitu, mama wa watu. Na inajaza haraka, sijapata kuona!"

Kikombe kilianguka.

Kemunto alikimbia. Alisikia sauti ile kabla hajalifikia gari, kubwa sasa, yenye pupa, ikimeza bila kupumzika. Akaushika waya akavuta. Umejifunga. Mashine hizi zikishaanza, aliyeanzisha ndiye anayesimamisha. Akabonyeza ufunguo wa gari, plagi haikuachia. Oliver alifika nyuma yake, amechanganyikiwa, akapitisha kadi yake. Skrini ikamwambia asubiri. Akapitisha tena. Subiri. Kemunto akakibamiza kitufe chekundu cha dharura, na taa za mashine zote kwenye safu nzima zikazimika.

Namba kwenye dashibodi haikuzimika.

Iliendelea kupanda gizani, themanini, tisini, na Kemunto ananing'inia kwenye waya, mguu mmoja kwenye bampa, anapiga kelele, "Achieng, ng'ang'ana! Mama, ng'ang'ana!" Oliver naye alivuta, mzee wa watu, akilia bila kujua analilia nini.

Mia.

Klak. Waya ukaachia wenyewe, wakaanguka wote wawili chini.

Simu ililia mfukoni. Ikakatika. Ikalia tena. Kemunto aliipokea akiwa amekaa pale pale kwenye barafu. Raisa alikuwa akilia tu, na nyuma yake mtu alikuwa akizima mitambo, mmoja baada ya mwingine.

Oliver alijaribu kumwinua. Kemunto aliuondoa mkono wake, akaingia garini, akafunga mlango. Ndani kulikuwa na joto na hakuwa amewasha hita. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imekwisha. Sasa kulinukia mafuta ya nazi, nywele, na utosi wa mtoto mchanga. Kemunto aliifahamu harufu ile kuliko jina lake.

Tii. Tii. Tii.

Alitazama dashibodi. Taa nyekundu ya mkanda ilikuwa inawaka, ile inayowaka pale abiria anapokaa bila kujifunga.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mto wake ulikuwa umebonyea.

Kemunto alinyoosha mkono taratibu, akauvuta mkanda, akaufunga. Mlio ukanyamaza.

Rajni alifika, taa za gari lake zikayumba kwenye mvua ya barafu. Alitoka mbio akafungua mlango wa Kemunto, upepo ukaingia ndani.

"Funga mlango," Kemunto alinong'ona. "Unampunguza."

"Nani? Kemunto, twende, mimi nimekuja. Petroli imejaa tenki. Twende tukamwone mtoto."

"Yuko hapa."

Rajni aliangalia kile kiti, mkanda uliokaza juu ya hewa. Watu wa kwao Kisumu nao wanayajua haya mambo. Alirudi nyuma hatua, kisha, kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli, akarudi tena karibu.

"Liendeshe basi polepole hadi nyumbani," alisema. "Mimi nitakuja nyuma yako."

"Nikiliendesha namtumia. Kila maili ni yeye." Kemunto aliongea kwa utulivu, kama anavyowaeleza familia za wazee. "Na nikienda kumzika kule, nitakuwa nimemwacha huku. Niambie unakata shauri vipi, Rajni. Wewe niambie."

Rajni aliufunga mlango taratibu, akabaki amesimama nje kwenye barafu.

Kemunto alizima taa. Akazima redio, akazima skrini kubwa, akazima kila kilichozimika, akabaki na ile namba ndogo ya kijani. Kila mwenye gari la umeme analijua hili: kwenye baridi kali betri haihitaji kutumiwa. Hupungua yenyewe, imesimama, hata kama hujagusa kitu.

Tisini na tisa.

Kemunto alivua koti lake, akakifunika kile kiti kitupu hadi mabegani.