Sahani ya Agnella

Msimu wa mavuno, nyumbani kwetu Ifakara hakuna mkono mtupu. Mimi naanika mpunga. Mkwe wangu Beatus anapima magunia kwenye mashine ya kukoboa. Mwanangu Agnella anapepeta na kupika. Jioni tunakaa mkekani na wajukuu wangu wawili, watu watano, tunakula wali kwenye sinia moja.

Mwaka huu Agnella alipimwa zahanati. Presha ilikuwa juu. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze uzito. Apunguze kwa muda gani? Hakuuliza.

Basi kila jioni akawa anapanda kwenye mizani ya magunia.

"Beatus, soma!"

"Wiki mbili, kilo sita zimeshuka!" mumewe alicheka. "Gunia hili mnunuzi atalikataa."

Mimi sikucheka. Macho ya mwanangu yalikuwa yameingia ndani. Mkono aliupeleka kwenye sinia, lakini tonge lake lingemtosha kifaranga. Watu watano wakila pamoja, nani atajua nani hakula?

"Agnella, unakula kweli?"

"Nakula, mama. Acha wasiwasi."

Wasiwasi hauachwi kwa kuambiwa. Jumamosi, akiwa anapepeta, ungo ulimponyoka. Akaanguka. Midomo ilikuwa mikavu.

"Jamani, mwanangu anakufa!" nikapiga yowe.

Jirani yetu Odilia, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja mbio. Akamlaza vizuri, akamwinua miguu.

"Dada, leo umekula nini?"

"Maji ya ndimu."

"Na jana?"

Agnella akageuza uso.

Tulimpakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Presha sasa ilikuwa imeshuka mno. Akawekewa dripu, na daktari akambadilishia dawa. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda.

"Bibi, kupungua si kosa," Odilia alisema. "Kosa ni haraka. Nusu kilo kwa wiki inatosha, isizidi kilo moja. Ukijinyima chakula unaishiwa nguvu. Halafu ukianza kula, kilo zote zinarudi."

"Kumbe!" nikasema. "Kitendawili: mgeni wangu nikimfukuza kwa fimbo, hurudi na ndugu zake. Ni nani huyo?"

"Unene," Agnella alijibu kwa sauti ndogo. Nikacheka huku nafuta machozi.

"Sasa nile vipi?" akauliza.

"Usiruke mlo. Pakua sahani yako mwenyewe. Nusu mboga, mchicha au matembele. Robo wali. Robo samaki au maharage. Mafuta kidogo. Soda acha. Na utembee nusu saa kila siku."

Nilishtuka. "Sahani yake peke yake? Watu watasema nimemtenga mwanangu!"

"Bibi, heri waseme kuliko walie."

Neno hilo lilinichoma. Jioni aliporuhusiwa nilipakua sahani mbili, yake na yangu. Tukakaa mkeka uleule na wenzetu.

Wiki ya kwanza hakupungua hata kidogo. Nikamkuta jikoni anakata ndimu. Moyo ukanipasuka.

"Agnella! Unataka nikuzike?"

Akaweka kisu chini. Odilia akamwambia apande mizani mara moja tu kwa wiki. Wiki ya tatu kilo moja ikaondoka. Wiki nyingine hakikuondoka kitu. Hakukata tamaa.

Baada ya miezi minne tulikwenda naye zahanati. Kilo saba zimepungua, na presha ni nzuri. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Hata nusu ya njia hatujafika, nikasimama nikihema, Agnella yuko mbele.

"Mwanangu," nikamwita, "nisubiri na mimi, jamani!"