Dativa Wawili

Waliokuwepo shambani Mkula, Jumanne tarehe 13 Aprili 1999, walikuwa watatu. Wa kwanza, Kassian, mpiga picha wa mradi wa mpunga. Wa pili, Fulgensi, mwenye shamba. Wa tatu, Dativa, mke wa Kassian, aliyesimama katikati ya mpunga ameshika fimbo ya vipimo. Ni yeye peke yake aliyeingia kwenye picha.

Kamera ya dijiti ya Kassian ilikuwa imefungwa kioo cheusi kinachopitisha mwanga wa infraredi tu, usioonekana kwa macho. Kassian alizoea kuwaeleza wakulima: "Jani lililo hai linatoka jeupe. Likifa linafifia. Maji hutoka meusi tii."

Jioni, ofisini Ifakara, alifungua picha kwenye kompyuta. Walikuwepo Dativa wawili, bega kwa bega, fimbo mbili. Mmoja mweupe kama mpunga, mwingine mweusi kama maji. Chumba kilinuka tope. Yule mweupe macho yake yalikuwa kama mashimo, na Kassian akamwogopa. Alinakili kipande cha mpunga, akakibandika juu yake mpaka akatoweka, akahifadhi picha juu ya ile ya awali kwenye disketi.

Nyumbani, mtaa wa Viwanja Sitini, mkewe alikuwa mlangoni.

"Umechelewa, Kassian."

Miaka kumi na mmoja alikuwa akimwita Baba Antoni.

"Leo unaniita jina? Utani huu umeanza lini?"

"Nikuiteje?"

"Kama siku zote. Baba Antoni."

"Antoni ni nani?"

Antoni alikuwa shule ya bweni Mahenge. Aliyempangia nguo sandukuni mwezi Januari ni Dativa.

Kwa siku tatu Kassian aliishi na mwanamke aliyepika bila kuonja na kukaa bila kupepesa macho, ambaye kila alipopita aliacha sakafuni nyayo za maji zisizokauka hata jua la mchana lilipoingia, na harufu ya tope ikapanda kwenye mashuka, kwenye wali, kwenye maji ya kunywa, hadi Kassian akaisikia kwenye pumzi yake mwenyewe.

Jumamosi alimwendea Bibi Luciana, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema polepole, mizimu ina masikio."

Akaeleza yote.

"Ulimfuta yupi?"

"Yule mweupe. Alikuwa kama mzuka."

"Na kwenye picha zako, mjukuu wangu, cheupe huwa ni nini?"

Jibu Kassian alikuwa akiwaambia wakulima mwenyewe kila wiki.

"Mrudishe," alinong'ona bibi.

"Haiwezekani. Nilihifadhi juu yake. Hakuna nakala."

Bibi Luciana alifunika chetezo chake. "Basi na mimi sina dawa."

Jumapili tarehe 18 Aprili, Fulgensi alifika kwa baiskeli kutoka Mkula, suruali imelowa hadi magotini. Kassian alimpokea uani. Ndani, mtu alikuwa akipepeta mchele. Fulgensi alisikiliza ungo ule, akatazama chini, kisha akatoa habari aliyotumwa: Dativa alikutwa asubuhi ile katikati ya mpunga, ameshika fimbo ya vipimo, amekufa.