Nyimbo za Mwandiko wa Baba

Kila asubuhi Fundi alifungua duka lake la kushona nguo, akafagia vipande vya vitambaa vya jana, kisha akatia mafuta cherehani. Mama yake alikaa karibu na dirisha, akishikiza vifungo. Zamani, saa tatu ikifika, baba alipita mlangoni akipiga mluzi, akienda kufundisha kwaya. Sasa ilikuwa miezi mitano tangu wamzike. Saa tatu ilipofika, mama na binti waliutazama mlango.

Baba aliacha sanduku la karatasi za nota. Zilikuwa nyimbo arobaini na moja, zote kwa mwandiko wake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.

"Watu watamsahau," Fundi alimwambia mama yake. "Kwaya imeshapata mwalimu mwingine. Mwakani nani atajua kwamba aliishi?"

"Mimi nitajua."

"Mimi na wewe nasi tutakufa, mama."

Ndiyo maana Fundi alikwenda maktabani kujifunza uhariri wa kujitolea. Walifundishwa kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni. Hicho ni kitabu kikubwa cha maarifa kinachosomwa bure kwa simu, na watu wa kawaida ndio wanaokiandika. Mwalimu wao alikuwa mkutubi, mtu mzima mwenye mzaha. Watu walimwita Miwani. Alivaa moja puani na nyingine kichwani, na kutwa alikuwa akiitafuta ya tatu.

Baada ya somo moja tu, Fundi hakuweza kungoja. Aliandika makala kuhusu baba yake kwa simu, akitabasamu huku machozi yakimdondoka. Alimwita "nguli asiye na mfano, mtunzi mkuu kuliko wote." Aliorodhesha nyimbo zote arobaini na moja. Wa kwanza aliuweka "Nitakupisha Mlangoni," wimbo ambao kwaya iliuimba siku ya mazishi.

Siku ya nne kisanduku kilitokea juu ya makala. Kilisema: "Makala hii haina vyanzo. Huenda ikafutwa."

Fundi alihisi kama wanamzika baba yake mara ya pili. Alifunga duka mchana kweupe, akaenda maktabani.

"Nani huyo anayetaka kumfuta baba yangu?"

"Kaa kwanza, dada," Miwani alisema. "Hakuna anayemfuta mtu. Wanauliza tu, umejuaje?"

"Mimi ni mwanawe!"

"Pole sana. Na hilo ndilo jambo la kwanza. Ndugu wa mtu hashauriwi kuandika makala yake. Mapenzi hupofusha. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano. Andika pale kwamba wewe ni binti yake, utoe mapendekezo yako. Mhariri mwingine atayapima."

Fundi alijifuta macho. "Na jambo la pili?"

"Haya maneno, nguli asiye na mfano. Umewapima watunzi wote wa dunia?"

"Kwangu hana mfano."

"Kwako, sawa. Lakini msomaji hakujui. Kizuri chajiuza. Sema alizaliwa lini na wapi, alijifunza muziki kwa nani, aliongoza kwaya gani, alitunga nini. Kila wimbo uwe na mwaka wake, umetungwa kwa sauti zipi au ala zipi, na umechapishwa wapi. Msomaji mwenyewe ataona ukubwa wake."

"Nyimbo anazo arobaini na moja."

"Umejuaje kwamba alizitunga yeye?"

"Zote ni mwandiko wake."

Miwani alivua miwani ya puani. "Wewe ni fundi. Mteja akikuletea mchoro wa gauni aliouchora mtu mwingine, ukalishona vizuri, mshono ni wa nani?"

"Wangu."

"Na mchoro?"

"Wa aliyeuchora."

"Aliyeandika nota anaweza kuwa mtunzi," Miwani alisema polepole. "Anaweza pia kuwa mpangaji wa sauti, au mnakili tu. Mwandiko hautoshi. Tutafute maandishi ya watu wasio ndugu zake."

Walipekua mchana wote. Walipata gazeti la zamani lililoeleza mashindano ya kwaya, na kitabu kimoja cha historia ya waimbaji. Vyote vilimtaja baba. Vilitaja nyimbo zake nne, na mwaka wa kila mmoja.

"Nne tu?" Fundi aliuliza.

"Nne zenye ushahidi. Nyingine tuzitoe kwa sasa. Zikipata chanzo zitarudi."

Walizitoa moja moja, na kila moja ilimchoma. Ulipobaki "Nitakupisha Mlangoni," Fundi alimshika Miwani mkono.

"Huo acha. Huo kila mtu anajua ni wa baba."

"Mimi sijui. Basi nitauwekea alama kwamba chanzo kinahitajika. Nakupa wiki moja."

Siku tano baadaye mwanamke mzee alibisha hodi dukani. Alivaa nyeusi iliyokwisha kupauka.

"Karibu, mama. Ni kushona au kupunguza?"

"Si kushona, mwanangu. Mjukuu wangu amenisomea kwenye simu habari za baba yako. Nimeambiwa wewe ndiye mwandishi."

Mama wa Fundi aliinua uso dirishani. Alimtambua, akamwamkia kwa sauti ndogo, kisha akainama tena.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," mzee alisema. Alikataa kiti. "Mume wangu alikuwa akitetemeka mikono, hakuweza kuandika nota. Baba yako akamwandikia. Sasa nieleze. Umempa baba yako nyimbo ngapi?"

"Tano, mama."

"Mume wangu alikuwa na mmoja tu."

Alifungua leso. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kuadhimisha miaka ishirini ya kwaya, kurasa zake zimelegea. Kilikuwa kimechapishwa mashineni. Chini ya "Nitakupisha Mlangoni" palikuwa na jina la mtunzi, na halikuwa la baba. Baba alitajwa chini zaidi, kwa herufi ndogo, kuwa ndiye aliyenakili nota.

Fundi aligeuka. "Mama, ulijua?"

Sindano ilikuwa imesimama mkononi mwa mama. "Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika huku unatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimekuona ukitabasamu. Nikashindwa." Akaichomeka sindano kwenye kitambaa. "Kila walipouimba, baba yako alisema, laiti ningeutunga mimi."

Mzee alimwachia Fundi kijitabu kwa wiki mbili. Alisema hajui kama kuna kingine duniani. Siku nzima Fundi alikitazama juu ya meza. Kama kingepotea, nani angejua? Wimbo ungebaki wa baba. Lakini alimfikiria mume wa yule mzee, mtu mwenye wimbo mmoja. Ukimnyang'anya mmoja, habaki na kitu.

Asubuhi alikipeleka maktabani.

"Wimbo huu utoe kwa baba," alisema. Akalia, na Miwani akamwacha alie. Baadaye Fundi mwenyewe aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Mimi ni binti wa marehemu. Nilikosea. Chanzo hiki hapa." Akataja jina la kijitabu, mwaka na ukurasa.

"Je, yule mtunzi wa kweli tumwandikie makala yake?" aliuliza.

"Kwa kijitabu kimoja bado haitoshi," Miwani alisema. "Lakini kwaya ina makala yake. Tutauandika wimbo humo, na jina la mtunzi wake."

Wiki iliyofuata kisanduku cha onyo kiliondolewa. Makala ya baba ilikuwa fupi, aya tatu tu, nyimbo nne. Fundi alimsomea mama yake.

"Nne," mama alisema. "Lakini ni zake."

Yule mzee alipokuja kuchukua kijitabu chake, Fundi alimsomea sentensi moja ya makala ya kwaya: wimbo ulitungwa na nani, kwa sauti nne, umechapishwa wapi. Jina la mumewe lilitoka wazi.

"Rudia."

Fundi alirudia. Mzee alifumba macho.

"Sasa ongeza," alisema. "Ongeza kwamba aliutunga wiki tuliyomzika mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mtindo wa kusimama mlangoni, hapitishi mtu mpaka umbusu."

Fundi alishika simu. Kisha akaiweka mezani.

"Mama, hilo halijachapishwa popote. Siwezi kuliweka."

"Hata kama ni kweli?"

"Hata kama ni kweli. Ila katibu wa kwaya anaandaa kijitabu kipya. Nitakupeleka kwake leo leo, umweleze. Kikichapishwa, mhariri yeyote ataweza kuandika."

Mzee alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Safari hii alikubali kiti. Mama wa Fundi aliacha vifungo vyake, akasogea, akaketi karibu naye.

"Kabla hatujaenda kwa katibu," Fundi alisema, "tusimulie sisi kwanza. Mtoto aliitwa nani?"