Kibakuli Kilichobaki Masasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuhra aliosha kibakuli cha bluu. Kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja cha mtu mzima, na katika nyumba nyingine kingewekewa chumvi. Kwao, pale Mkomaindo mjini Masasi, kibakuli hicho ndicho kilichokuwa sahani ya mama. Asubuhi kilitiwa uji, mchana wali laini na maharage yaliyopondwa. Mama alikula kwa kijiko cha chai, akitafuna polepole mpaka Zuhra anachoka kumtazama. Kikiisha, basi. Hata chakula kiwe kitamu namna gani, mama haongezi.

Zamani haikuwa hivyo. Mama Zuhra alikuwa fundi cherehani hodari, lakini alikuwa mnene kupita kiasi, na unene ule ulikuja na wenzake. Kisukari kilimchosha, shinikizo la damu lilipanda, magoti yalivimba hata akawa anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Aliacha sukari. Akapunguza ugali. Akatembea kila alfajiri mpaka magoti yakagoma. Uzito ulishuka kidogo, kisha ukarudi na nyongeza. Mwishowe madaktari wa Dar es Salaam walimshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na mwezi wa nane akafanyiwa. Sasa ilikuwa Desemba, na magauni yake yote alikuwa ameyapunguza mwenyewe kwa cherehani yake.

Ilikuwa habari njema, lakini midomo ya watu haina pazia. Siku ya kufunga shule Faruku, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma, alipaza sauti darasa zima la sita lisikie.

"Zuhra, eti mama yako kakatwa tumbo kwa sababu alishindwa kuacha kula? Bibi yangu anasema huo ni uvivu tu. Angeshika jembe, angepungua bila kisu."

Darasa likaangua kicheko. Masikio ya Zuhra yaliwaka moto.

"Uongo!" alisema. "Mama yangu hajakatwa chochote. Alikuwa na malaria."

"Malaria miezi minne?" Faruku akauliza, na kicheko kikazidi.

Tangu siku hiyo Zuhra aliona aibu hata kumtazama mama yake akila. Mchana alifunga mlango kwanza, ndipo akampa chakula. Kile kibakuli alikioshea ndani, akakifuta, akakificha nyuma ya masufuria kama kitu cha wizi. Mama aliona yote hayo. Yeye mwenyewe siku hizi akitoka alijifunika kanga mpaka usoni na kupita njia ya nyuma.

Mwisho wa mwezi, Faridi, mtoto wa Shangazi Sophia, alikuwa anatoka jandoni kule Makote, wilaya ya Newala. Baba alitangulia kusaidia maandalizi. Mama na Zuhra wakafunga mizigo.

"Usisahau kibakuli changu," mama alisema. "Bila hicho najipotezea kipimo."

"Sawa, mama," Zuhra alijibu, akakitia kwenye mfuko.

Lakini mkono ulipokuwa bado mfukoni, akili yake ilifika Makote kabla ya miguu. Katika ukoo wa baba yake, siku ya mtoto kutoka jandoni mawifi wote hula sinia moja, na hakuna anayenyanyuka mpaka chini ya sinia paonekane. Anayejitenga huambiwa ana kinyongo. Zuhra aliwaona shangazi zake wote wamezunguka sinia, na mama yake pembeni na kijibakuli chake kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Aliona aibu kabla haijamfika. Akakitoa kibakuli mfukoni, akakisukuma nyuma ya cherehani.

Safari ilikuwa njema. Kutoka Newala mjini walipanda bodaboda, na mama alicheka peke yake njia nzima. Mwaka uliopita dereva wa bodaboda alimtazama juu mpaka chini, akawasha pikipiki akaondoka. Leo alikaa nyuma ya dereva, na Zuhra nyuma yake, na hakuna aliyelalamika. Zuhra alikuwa na mawazo yake, hakucheka naye.

Shangazi Sophia, dada wa baba, aliwapokea kwa vigelegele na utani, maana wifi asiyetania si wifi.

"Wifi yangu wee! Nani kakunyonya? Nilimwoza kaka yangu mwanamke mzima, sasa nimerudishiwa nusu!"

Wanawake wakacheka. Mama alitabasamu, akavuta kanga usoni.

Baadaye, walipobaki jikoni peke yao, shangazi alimsogelea Zuhra. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwanangu, hebu niambie kweli. Watu wanasema mengi kuhusu mama yako na hiyo safari ya Dar. Chakula anakula? Kama kuna masharti nimpikie mbali, mimi sina neno."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeufungua. Lakini nje wanawake walikuwa bado wanacheka, na Zuhra hakujua wanacheka nini.

"Anakula, shangazi," alisema. "Anakula kama watu wote."

Mama alipouliza kibakuli, Zuhra alijibu kwamba amekisahau. Mama alimtazama kidogo, akasema, "Haya. Nitakisia kwa jicho."

Adhuhuri Faridi alitolewa, amevaa kanzu mpya, ngoma zikalia, kanga zikatandazwa apite. Kisha chakula kikaletwa. Mawifi saba walizunguka sinia la pilau na kuku. Mama alikula matonge matatu madogo, akitafuna sana, kisha akavuta mkono.

"Mbona mapema?" akauliza mmoja.

"Huenda tumbo la Dar es Salaam halipendi pilau la Makote," akadakia mwingine.

"Mwacheni," akasema wa tatu. "Aliyekatisha njia hawezi kukaa na sisi tunaotembea."

Shangazi Sophia alishangaa kweli. "Lakini Zuhra kaniambia mama yake anakula kama watu wote. Kumbe ni sisi tu ndio hapendi kula nasi?"

Mama aliinua macho, akamtafuta Zuhra aliyesimama na jagi la maji ya kunawa. Zuhra akatazama chini. Mama akaelewa yote: kibakuli, mlango unaofungwa, kila kitu. Angeweza kusema pale pale kwamba mtoto amedanganya. Badala yake aliurudisha mkono wake kwenye sinia, akamega tonge la nne. Akamega la tano, na la sita.

Zuhra alitaka kupiga kelele, "Usile!" Badala yake akalikumbatia jagi kifuani.

Baada ya tonge la saba mama alishika kifua. Jasho lilimtoka usoni, midomo ikageuka rangi. Aliinuka akipepesuka, akafika nyuma ya jiko, akatapika huku amejikunja kwa maumivu. Vigelegele vilikatika. Baba alikuja mbio, akamwinua, na bodaboda mbili zikawapeleka zahanati, mama na baba kwa moja, Zuhra na shangazi kwa nyingine.

Nesi Anastasia, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimlaza mama kitandani na kuwauliza maswali.

"Amekula nini? Ana maradhi gani?"

Baba alianza kueleza kuhusu upasuaji, ila nesi alitaka kujua kilicholiwa, na baba alikuwa amekaa upande wa wanaume.

"Kala pilau tu kama sisi," shangazi alisema. "Mtoto kasema anakula kila kitu."

Wote wakamgeukia Zuhra. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Zuhra ilikuwa imefika mwisho wake kwenye sakafu ya zahanati.

"Nilidanganya," alisema, machozi yakimtiririka. "Anatakiwa kula kibakuli kimoja kidogo tu. Nilikiacha nyumbani makusudi. Niliona aibu."

Nesi alimpigia simu daktari wa Dar es Salaam kwa namba aliyopewa na baba, akafuata maelekezo yake, akamwekea mama dripu. Kadiri saa zilivyokwenda maumivu yalipungua. Jua likiwa bado juu, daktari alisema kwa simu kwamba hatari imepita, ila angepasuka mahali alipopasuliwa kama angeendelea kula. Neno hilo lilimfanya Zuhra ashike chuma cha kitanda.

"Lakini nesi," Shangazi Sophia aliuliza kwa sauti ndogo, "kwa nini mtu ajikatishe tumbo? Si angejinyima tu?"

"Mtu akivunjika mguu, akafungwa plasta, unamwita mvivu wa kutembea?" Nesi Anastasia alijibu. "Unene wa namna ile ni ugonjwa. Alijinyima miaka, ukamshinda, akatafuta tiba. Na tiba yenyewe anaifanyia kazi kila siku, kila tonge. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mama. Sisi wa nje tusiseme sana."

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameketi ukumbini kwa shangazi, dhaifu lakini mzima. Mawifi walikuja kumjulia hali, wakiwa wapole kupita kawaida yao. Zuhra aliingia na kibakuli cha udongo alichokiomba jikoni, cha kuwekea chumvi, amekiosha na kukijaza uji. Alikiweka mbele ya mama yake, mbele ya watu wote.

"Shikamooni, shangazi zangu. Mama hula kiasi hiki. Jana nilimdanganya Shangazi Sophia, na mama akaumia kwa ajili yangu. Naomba mnisamehe. Mama, nisamehe."

Mama alimvuta akae karibu. Kisha akaishusha kanga kutoka usoni.

"Kosa si lake peke yake," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kujifunika na kupita njia za nyuma. Nilidhani nikinyamaza nao watanyamaza. Mtoto kajifunza aibu kwangu. Basi sasa sikieni kwa kinywa changu: nilipunguzwa tumbo kwa sababu nilikuwa naumwa, na niliogopa kumwacha huyu bila mama. Anayetaka kuuliza, aulize, nitamjibu. Anayetaka kucheka, acheke nikiwepo. Akimaliza, nitamjibu vilevile."

Yule aliyesema habari za kukatisha njia alikuwa akihesabu vidole vya miguu yake. Shangazi Sophia ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi nina swali, wifi yangu. Lile fungu lako la sinia, kuanzia leo nani analila?"

"Wewe," mama alisema.

"Basi Mungu akupe maisha marefu!" shangazi akasema, na safari hii mama alicheka wa kwanza.

Januari shule ilipofunguliwa, Faruku alimngoja Zuhra mlangoni. "Ile malaria ya mama yako imepona?"

Masikio ya Zuhra yaliwaka kama kawaida yake. Aibu haiondoki kwa siku moja. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Haikuwa malaria. Nilidanganya. Alipunguzwa tumbo kwa sababu ya kisukari, na sasa anaendelea vizuri. Una swali lingine?"

Faruku akashusha sauti, akasema, "Bibi yangu naye ana kisukari. Miguu inamuuma."

"Basi aje amuulize mama. Atamjibu."

Mchana Zuhra alimsimulia mama yake yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kibakuli cha bluu, akatoka nacho kibarazani, mahali kila mpita njia anamwona.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema akikaa. "Mimi nusura kiniumbue kwenye sinia la pilau. Ukweli unaumiza masikio siku moja, mwanangu, lakini uongo ulitaka kuniua. Usiuonee aibu mwili wa mtu anayejitibu, wala usimcheke usiyeyajua maumivu yake. Haya, lete kijiko."

Zuhra alileta kijiko, na mlango akauacha wazi.