Chombo Kisicho na Namba

Namwase, mama muuza nyanya, alikutwa kando ya barabara ya Nakaloke mara tu baada ya swala ya alfajiri, mguu umevunjika, nyanya zake zimetapakaa. Hakuwa na fahamu. Ubavuni mwake ilikuwa imeanguka skuta ya umeme, na kila mtu pale alijua ni ya nani: Siraj, fundi cherehani aliyepooza mguu tangu utotoni.

Sajenti Namono wa polisi alifika wakati majeruhi akipakiwa kupelekwa hospitali ya Mbale. Aliikagua skuta, kisha akainama kwenye nyanya zilizopondeka na kuokota kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, kimepauka kwa jua. Akakitia mfukoni.

Kituoni, Siraj aliketi na magongo mapajani.

"Niliiacha nje ya msikiti, afande. Nilipotoka, haipo."

"Nani alikuona ndani?"

"Nilichelewa. Nilisali nyuma kabisa, peke yangu."

Inspekta Owino wa usalama barabarani hakutaka maneno mengi. "Tukisema ni pikipiki, hana leseni wala namba. Tukisema ni kiti cha mlemavu, kilifuata nini barabarani? Kotekote amekwisha."

"Sheria yenyewe inasemaje, bwana?"

"Haijaitaja. Wakubwa wataamua. Kwa sasa namweka ndani."

Shahidi alikuwa mmoja tu: Ronnie, mwendesha bodaboda.

"Nilikuwa nafuta pikipiki yangu, nimeipa barabara mgongo," alieleza. "Nikasikia injini inanguruma, inakuja kasi. Kugeuka, Siraj amemgonga mama wa watu! Akaiacha pale, akaondoka na magongo yake."

"Uligeuka kwa sababu ya injini?"

"Ndiyo, afande. Kelele kama ya lori."

Namono aliandika neno kwa neno. Akamwambia arudi mchana kutia sahihi, aje na pikipiki yake.

Mchana, uani, alimsimamisha Ronnie akitazama ukuta na kumsomea maelezo yake taratibu. Alipomaliza, akauliza, "Umesikia kitu?"

"Sauti yako tu, afande."

"Geuka."

Siraj alikuwa nyuma yake, juu ya skuta, karibu kiasi cha kumgusa bega.

"Amekuzunguka wakati wote nikisoma," alisema Namono. "Chombo hiki hakina injini ya kunguruma. Injini uliyoisikia asubuhi ni ya kwako."

Alikwenda kwenye pikipiki. Taa ya ishara ya kulia ilikuwa imepauka; ya kushoto ilikuwa mpya, inang'aa. Akakitoa kile kipande na kukiweka kando ya ile iliyopauka. Rangi ilikuwa moja.

Ronnie aliketi chini, palepale kwenye vumbi, akaeleza yote. Mahakama ya Jinja ilikuwa imemfungia leseni kwa kumgonga mtu. Kugonga tena kungemaanisha jela. Alipoona Namwase hatikisiki, alikimbilia msikitini, ambako alijua skuta huegeshwa, akaisukuma hadi pale.

"Mimi sheria inanijua, afande. Hiyo skuta haiijui. Nikasema, acha wagombane juu yake."

"Na mama uliyemwacha chini?"

"Nilidhani amekufa."

"Hukumwangalia."

Askari wawili walimwinua Ronnie na kumpeleka ndani.

Owino alitaka skuta ibaki kituoni mpaka wakubwa waamue ni chombo gani. Namono alimsikiliza hadi mwisho, akapiga saluti, kisha akamfungulia Siraj geti.

"Nipite wapi, afande? Barabarani au pembeni?"

"Pembeni. Polepole. Ukisimamishwa, sema ni Sajenti Namono aliyekuruhusu."

"Watakugombeza."

"Wacha wagombeze. Nenda."

Siraj hakurudi kwenye cherehani yake. Alishika njia ya hospitali, ambako Namwase alikuwa amezinduka na kuambiwa na watu kwamba Siraj ndiye aliyemvunja mguu. Siraj alitaka mama huyo asikie kutoka kinywani mwake yeye mwenyewe kwamba si yeye.